Miwani ya Mama Upepo

Mama mkwe wangu ana jicho moja na gari lisilo na paa. Ukiniuliza mimi, mtu mwenye jicho moja angejitafutia gari lenye mapaa mawili. Lakini nani kaniuliza?

Nianze na gari lenyewe. Ni kagari ka mbio, rangi ya nyanya iliyoiva sana, viti viwili tu, na mlango mfupi mpaka mtu mrefu anaweza kuuruka. Lilikuwa la mteja wake. Mama alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na huyo mteja alimletea avishe viti ngozi mpya, kisha akahamia ng'ambo na asirudi. Akapiga simu akasema, "Fundi, lichukue tu, huku niliko kuna baridi." Mama akalichukua. Viti akavishona kwa mikono yake, na kwa vile safari hii hakuna mteja wa kumpangia, akashindilia sponji kama anatengeneza godoro la wageni. Ukikaa humo unastarehe kweli. Ila unakaa juu, na mama mwenyewe ni mlingoti wa mtu, kwa hiyo kioo cha mbele kinaishia usawa wa pua yake. Kinachobaki juu ya pua kinapigwa na upepo wote wa barabara. Mtaa mzima unamwita Mama Upepo, na yeye anaitika.

Jicho la kushoto lilikwenda na kazi hiyohiyo, kabla sijaolewa. Sindano nene ya kushonea ngozi ilivunjika ndani ya cherehani, kipande kikaruka. Hasimulii zaidi ya hapo na mimi simchokonoi. La kulia ni zima kabisa, leseni anayo, madaktari wamempima na kumpitisha, na kioo cha pembeni upande wa kushoto amefunga kikubwa kama sinia. Juu ya sinia hilo ananiweka mimi.

Yaani hivi: yeye anashika usukani, mimi nakaa kushoto kwake, upande asiouona, na kazi yangu ni kusema. "Kushoto baiskeli." "Kushoto wazi." "Kushoto mbuzi, na huyo mbuzi hajielewi, punguza." Mama hageuki, hajibu, anaendesha tu kama maneno yangu ni macho yake. Tumefanya hivyo kila Jumamosi tangu niingie nyumba ile, hadi mdomo wangu umezoea. Nikienda dukani kwa miguu najikuta nasema "kushoto wazi" peke yangu, na watu wananipisha kwa huruma.

Sasa, usinione mwema. Nina sababu zangu za kulipenda lile gari. Mimi naoka keki za oda nyumbani. Jikoni kwangu ndiyo ofisi yangu, ndiyo kiwanda, ndiyo ikulu. Mama mkwe akiwa na gari, asubuhi za katikati ya wiki anajitegemea na lile sinia, anapiga honi mara moja na kutoka, anakwenda kuwasumbua mafundi wenzake wa zamani hadi mchana. Bila gari atakaa nyumbani. Na nyumbani maana yake ni kwenye kile kiti kilicho karibu na oveni yangu.

Basi Jumamosi moja tunashuka mteremko wa shuleni, mambo mazuri, mama anacheka, mara mdudu. Mdudu mwenyewe sikumwona, nilisikia tu "pap!" na mama akasema neno ambalo sitaliandika. Akasimamisha gari. Jicho la kulia, lile moja, halifunguki.

Niliita teksi. Daktari wa macho alitoa humo kipande cha bawa la mbawakawa, akasema kimekwaruza jicho, akaweka dawa, akalifunga bendeji. "Litapona," akasema, "ila lipumzike siku chache." Hakuhitaji kuongeza neno, kwa sababu sote watatu tulijua mgonjwa hana jicho la akiba.

Hizo siku chache, jamani! Mama alikaa kwenye kile kiti cha oveni, amefungwa uso kama mtu anayecheza kombolela, na mdomo haujafungwa.

"Mkwe, hiyo keki imeiva, itoe."

"Umeionaje, mama?"

"Pua ninayo."

Nikaitoa, na imeiva kweli. Nilitamani kulia kwa hasira.

Lakini siku moja nilitoka uani nikamkuta kwenye korido, anapapasa ukuta. Hakujua kama nipo. Mama huyu hutembea ndani ya nyumba kama mwenye soko, na sasa alikuwa anaburuta mguu mmoja baada ya mwingine, kiganja ukutani. Alikuwa anatafuta bafu. Akapita mlango wa bafu, akafungua wa stoo, akaingia kati ya magunia yangu ya unga, akasimama humo. Sikucheka. Niliogopa, nasema kweli. Nikakohoa ili ajue kuna mtu.

"Nilikuwa naangalia kama unga umebaki," akasema.

"Upo, mama," nikasema. "Njoo, nikupitishe huku."

Bendeji ilipotolewa na jicho kukutwa salama, mume wangu akaitisha kikao. Lazima nikueleze kuhusu mume wangu. Ni mkaguzi wa bima. Mtu wa bima ukimwonyesha keki ya ghorofa tatu haoni keki, anaona itakavyoanguka. Mwanamume anayenipenda, simnyimi sifa yake, lakini hata siku ya harusi yetu alikagua ngazi za ukumbini kabla sijapanda.

"Mama," akasema, "gari liuzwe. Daktari wa meno amelitaka tangu mwaka juzi."

"Daktari wa meno ana kichwa kikubwa, halitamfaa."

"Mama, una jicho moja."

"Nilikuwa nalo hilohilo moja wakati nakulipia shule."

Hapo mimi nikaingia kati, maana nilishauona mwaka mzima ujao: mama kwenye kiti, mimi kwenye oveni, hadi mmoja wetu aitiwe polisi. Nikasema, "Tatizo si gari, tatizo ni upepo. Tukipata kitu cha kulilinda jicho, je?" Mume wangu akafikiri. Akifikiri huwa anakunja midomo kama anaonja ndimu.

"Sawa," akasema. "Jumapili ya wiki ijayo mama aende hadi mizani ya malori na kurudi, amevaa hicho kitu. Nitaliangalia jicho kwa tochi kabla na baada. Likirudi jeupe, gari libaki. Likirudi limevimba au limekuwa jekundu, daktari wa meno alichukue siku hiyohiyo. Nitamkaribisha chai."

Barabara ya mizani! Vumbi, malori, kokoto. Mtu wa bima hachagui njia ya maua. Mama akasema, "Nimekubali," na akaondoka chumbani kabla sijamkonyeza akatae.

Tukaanza kutafuta. Kwanza nikapendekeza kitu rahisi, kwamba apunguze sponji ya kiti ashuke nyuma ya kioo. Aliniangalia kama nimemtukania marehemu. Hilo likaisha.

Akavaa miwani yangu ya jua, ile kubwa ya kupigia picha. Tulizunguka mtaa mara moja. Upepo uliingia kwa pembeni na kuzunguka humo ndani, akarudi machozi yanatiririka hadi kidevuni, jirani mmoja akatoka kutupa pole ya msiba. Akajaribu kofia ya pikipiki ya shemeji yangu. Ile ilizuia kila kitu, ikiwa ni pamoja na mimi. Nikisema "kushoto baiskeli" yeye anasikia kama mtu anaongea ndani ya pipa. "Nini?" "Baiskeli!" "Nini?" Mwenye baiskeli alishasikia na kushuka. Shemeji yuleyule akaleta miwani ya kuchomelea vyuma kutoka gereji, mama akaivaa sebuleni na kusema, "Umeme umekatika?" Ya kuogelea nayo ilimkaa vizuri, ikanyonya uso barabara, ila kabla hatujafika kona ilijaa mvuke kama sufuria lililofunikwa, na akiwa amesimama pembeni anaifuta, watoto wa shule wakamwimbia wimbo wa chura. Akawaimbia na yeye, akimalizia na beti za kwake. Lakini usiku huo hakula vizuri, na mimi niliona.

Siku ya Ijumaa tukaenda kwa dada wa miwani. Ana duka jembamba mjini, limebanana ukuta kwa ukuta na saluni. Ni mwanamke mpole, anasikiliza huku ameinamisha kichwa. Tulimweleza yote, nikamwambia na habari ya daktari wa meno ili ajue hatujaja kutembea.

"Kioo cha kawaida sitaki," akasema, "kikipigwa na kokoto kinavunjika kuelekea jichoni. Tuchukue plastiki ngumu." Akatoa visanduku. Mama akapenda ya kwanza, nyeusi, ya kung'aa, ilimfanya aonekane mlinzi wa rais.

"Hii inakata mwanga unaorudi kutoka barabarani," dada akasema. "Inapumzisha macho, lakini hebu angalia skrini ya simu yangu."

"Imezima."

"Haijazima, mama. Ni miwani. Na lami yenye mafuta au maji hutaiona inavyometa. Wewe unahitaji kuiona."

Akampa nyingine inayobadilika rangi yenyewe juani. Nzuri, ila ukiingia kwenye handaki au chini ya daraja inachukua muda kurudi kuwa nyeupe, na muda huo mtu wa jicho moja hana. Ya tatu ilikuwa na mikono minene pembeni, ya kimichezo. Hapo dada akasimama upande wa kulia wa mama, akanyoosha vidole. "Vingapi?" Mama akasema haoni vidole, anaona plastiki. "Ndiyo hivyo. Wewe upande mmoja tu ndio unaouona, hatuwezi kuuzibia ukuta." Mama akaanza kukata tamaa, nilimjua kwa jinsi alivyonyamaza. Mama mkwe wangu hanyamazi hivihivi.

Dada akaingia nyuma, akakaa huko, akarudi na kitu kidogo cha kahawia. Lenzi yake rangi ya chai ya rangi, pembeni nyembamba kama ganda la kitunguu, ukingo wote umezungushiwa sponji laini inayokaa usoni bila kubana, na juu na chini vitundu vya kupitisha hewa ili isishike mvuke. Haina mikono, ina mkanda wa mpira wa kuzungusha kichwani, mwekundu. Mama akaigusa ile sponji kwa kidole gumba, akaiminya, akaiachia, akaangalia inavyorudi. Sponji ndiyo kazi yake.

"Sponji nzuri," akasema. Kwa mama hiyo ni hotuba ya pongezi.

"Sasa tuipime," dada akasema. "Twendeni jirani."

Kumbe ndivyo anavyofanya! Akiwa na mteja wa pikipiki au wa gari la wazi, anampeleka saluni. Mwenye saluni hakuuliza hata swali, alivuta kiti, akamkalisha mama, akachukua mashine mbili za kukaushia nywele, moja kila mkono, kama askari wa sinema. Wateja wakainua vichwa vyao vyenye povu.

"Moto au baridi?"

"Baridi," dada akasema. "Na kasi yote."

Loo! Mashavu ya mama yalitetemeka, nywele zikasimama, hereni zikapiga kelele. Mwenye saluni akamzunguka, kulia, kushoto, kwa chini. Kisha akamwambia msaidizi wake achote nywele zilizokatwa sakafuni na kuzirusha mbele ya upepo. Zilimwendea mama usoni zote. Alibaki na sharubu, na ndevu, na kitu kama paka juu ya paji la uso. Alipovua miwani, duara la ndani lilikuwa safi, jicho limekaa humo jeupe, linacheka.

Saluni nzima ikapiga makofi. Mama akainama kama mwigizaji na kusema, "Nifungieni hii." Tukatoka pale na miwani moja, tumeshikana mikono kama wasichana wa shule.

Miwani moja. Watu wazima watatu, kati yao mmoja mtaalamu wa macho na mmoja mwenye mdomo kama wangu, na hakuna aliyeona kosa. Nyumbani mume wangu, mtaalamu wa ajali, naye akaikagua miwani kwa dakika nzima, akaivuta mkanda, akainusa, akasema, "Hii inafaa." Hata yeye.

Jumapili ikafika. Daktari wa meno alikuja mapema, amevaa shati la safari, akakaa barazani na chai yake. Mtu mstaarabu, ila anapokusalimia anaangalia meno. Mume wangu akamulika jicho la mama kwa tochi. "Jeupe," akatangaza, kana kwamba yupo mwandishi wa habari. Mama akavaa miwani, akajifunga mkanda mwekundu, nikaingia upande wangu nikiwa na kitambaa kichwani na macho yangu mawili makavu, tukaondoka.

Natamani ungemwona. Kwa mara ya kwanza hakuwa anainamisha uso kukwepa upepo. Alikaa wima juu ya sponji zake zote, kidevu mbele, na tulipomaliza nyumba za mwisho akakanyaga mafuta akapiga kelele ya furaha, "Haaaa!" kama mtu aliyerushiwa maji ya baridi siku ya joto. Malori yalitupita, vumbi likaja, kokoto moja ikagonga lenzi, "ting!", mama akacheka. Mimi nilikuwa nimekunja uso, natazama kwa upenyo wa kope, naita tu: kushoto wazi, kushoto pikipiki, kushoto wazi. Tukafika mizani. Tukageuza. Nikaanza kumwonea huruma daktari wa meno.

Wakati wa kurudi tukajikuta nyuma ya lori la mchanga. Halikuwa na turubai. Sijui liliruka shimo au nini, niliona tu mchanga umeinuka juu ya bodi kama pazia, na upepo ukauchukua, na ukatujia.

Mama alipita ndani yake kama samaki. Mimi nilipigwa macho yote mawili.

"Kushoto?" mama akauliza.

Sikuweza hata kufungua.

"Kushoto, mkwe?"

"Sioni!" nikapiga kelele. "Mama, sioni!"

Fikiria. Gari linakwenda, na upande wa kushoto sasa hauna mtu. Nilisikia mama amevuta pumzi. Akawasha taa za hatari, akaachia mafuta, na nadhani aligeuza kichwa chote kushoto kutafuta ukingo, maana honi zililia nyuma yetu, kisha nikasikia matairi yanaponda kokoto za pembeni. Tukasimama.

Alizunguka upande wangu akikimbia. Nilisikia chupa ya maji inafunguliwa.

"Fumbua."

"Yanawaka!"

"Najua. Fumbua, mwanangu, fumbua."

Akaniinamisha kichwa na kumimina, akashika kope kwa vidole vile vya fundi, vigumu kama mbao, lakini sikuumia. Akamimina tena. Aliinama hadi pua zetu zikagusana, akaangalia jicho moja, akaangalia la pili, akarudia la kwanza.

"Unaniona?"

"Nakuona, mama. Una mchanga masikioni."

Hakucheka. Alivua miwani yake, akaipangusa kwa blauzi yake, na kabla sijajua nini kinaendelea alikuwa ameshanivalisha na kukaza mkanda nyuma.

"Mama, weee! Tochi! Anakusubiri na tochi!"

"Asubiri."

"Gari litauzwa! Mimi nitafumba tu, nitajifunika kitambaa..."

"Ukifumba nani ataniambia kushoto? Na hayo macho yameshakwaruzwa, hayapati chembe nyingine leo. Kaa vizuri."

Unabishana na nani? Tukarudi nyumbani hivyo. Mama, ambaye hakukubali kupunguza hata kipande cha sponji, aliteleza chini ya kiti hadi kidevu kikawa sawa na usukani, ili kioo kimfunike, na akaendesha taratibu kiasi kwamba trekta lilitupita. Msururu nyuma yetu ulikuwa na honi za kila sauti. Dereva mmoja wa lori akatoa kichwa akauliza, "Bibi, unalisukuma au unaliendesha?" Mama akamjibu kutoka huko chini, na lile jibu nalo sitaliandika. Mimi nilikuwa nimekaa juu kama rubani, mkanda mwekundu kichwani, naita: kushoto wazi, mama. Kushoto wazi. Nikicheka na kulia kwa pamoja, maana njia nzima nilijua tunalipeleka gari likauzwe.

Mume wangu alikuwa ameshatoka hadi getini. Alituona, na tochi mkononi ikashuka.

"Kwa nini miwani unayo wewe?" akaniuliza.

"Nilikuwa naijaribu kidogo," nikasema kwa macho makavu, kama macho yangu siku hiyo yangeweza kuitwa makavu.

"Usimdanganye mume wako mbele ya mgeni," mama akasema. Akajivuta kutoka kwenye kiti, akasimama. Jicho lake lilikuwa jekundu kwa upepo, wala halikuhitaji tochi. "Niliivua mwenyewe. Mchanga ulimpiga machoni nikampa."

"Uliivua? Barabara ile? Mama, wewe una jicho moja!"

"Ndiyo maana!" Hapo alipaza sauti, na daktari wa meno akaweka kikombe chini. "Wewe huko bima unajua jicho linalipwa kiasi gani. Mimi najua mengine. Najua kumimina chai pembeni ya kikombe. Najua kunyoosha mkono kumsalimia mtu nikakosa kiganja chake, akadhani nimelewa. Miaka yote hii najua. Sasa nimwache huyu binti naye aje kuyajua, kwa sababu ya gari?" Akachomoa ufunguo, akamwendea daktari wa meno. "Chukua, baba. Kiti cha dereva kina sponji nyingi, usiipunguze."

Daktari wa meno aliupokea kwa sababu alipewa, akabaki ameushika hewani.

Hapo neno likanitoka vibaya: "Ukiuza hilo gari, keki utaoka wewe!" nikamwambia mume wangu, na nikaanza kulia kwa sauti ndani ya miwani.

Alinijia. Akaivua taratibu, akanimulika jicho moja, akanimulika la pili.

"Hakuna aliyekufikiria wewe," akasema. "Kila Jumamosi unakaa pale. Nimekagua mkanda, nimekagua sponji, hata harufu. Wewe sikukukagua."

Akazima tochi. Akamwendea mgeni wetu na kufungua kiganja.

"Daktari, nisamehe kwa kukupotezea Jumapili yako. Naomba ufunguo. Hilo gari haliuzwi, mama ana abiria. Kesho nakwenda mwenyewe kwa yule dada, kuchukua miwani ya pili."

Mama alikuwa amesimama ameegemea mlango ule mfupi, uso ameuelekeza kwa mwanawe, na bila kugeuka akanyoosha mkono upande wa kushoto, upande asiouona, kunitafuta. Sikumwacha apapase. Niliuwahi.